Uvimbe adimu wa ubongo kwa mtoto: namna ya kupata taarifa za kuaminika na watu wa kukushika mkono

Jioni ile tulitoka kupiga picha ya kichwa tukiwa na bahasha ya kaki na neno moja: uvimbe. Mwanangu alikuwa na miaka minne. Kwa wiki kadhaa alikuwa akitapika kila akiamka. Tukampa dawa ya minyoo, tukampa dawa ya malaria, na bibi yake huku Tanga akasema mtoto ana upepo. Usiku nilikaa na simu hadi adhana ya alfajiri. Nilipoandika kwa Kiswahili nilipata matangazo ya mitishamba. Nilipoandika "brain tumour child" nilipata bahari: watoto waliopona, watoto waliofariki, dawa za Marekani, vyakula vya kuacha. Kulipokucha nilikuwa nimesoma habari za magonjwa mengi, na ugonjwa wa mwanangu haukuwamo.

Nilikuwa nimetafuta kabla sijawa na jina la kutafuta. Baadaye nikaona wazazi wengine wodini wakifanya vivyo hivyo, ndiyo maana nimeupanga mwongozo huu hivi: jina kwanza, halafu tiba ya jina hilo, halafu mahitaji ya tiba hiyo, ndipo watu wa kukusaidia kwa mahitaji hayo. Ukianzia katikati utachoka kabla ya wakati, na safari hii ni ndefu.

Kabla ya kusoma chochote: dalili zisizosubiri

Ikiwa mtoto anatapika huku akizidi kusinzia, haamki vizuri, amepata degedege, macho yameanza kupinda au kutazama chini tu, au ameshindwa kutembea ghafla, weka simu chini mpeleke hospitali usiku huohuo. Ubongo hutengeneza maji yake muda wote, na maji hayo yana njia nyembamba za kupita. Uvimbe ukikaa njiani, maji hujaa na shinikizo hupanda ndani ya fuvu lisilotanuka. Kwa mtoto mchanga utaona kichwa kinakua haraka na utosi umevimba; mkubwa ataumwa kichwa na kutapika, hasa asubuhi. Madaktari huweza kuweka mpira wa kupitisha maji, ule tunaouita shanti, au kutoboa njia mpya kwa kutumia kamera ndogo. Hilo hufanyika hata kabla jina la uvimbe halijajulikana. Na mtoto aliyekwisha wekewa shanti akirudiwa na dalili hizi ni dharura vilevile, kwa sababu mipira huziba.

Uingereza ilianzisha kampeni ya HeadSmart mwaka 2011 kueleza dalili za uvimbe wa ubongo kwa kila rika, kwa kuwa hata kule watoto walikuwa wakizungushwa muda mrefu kabla ya kupigwa picha. Maelezo yake ni mafupi na ya bure. Kama unasoma hapa kwa ajili ya mtoto ambaye bado hajapimwa, anzia huko.

Hatua ya 1: Pata jina kamili

Hapa nitakaa sana, maana kila kitu kinatoka hapa.

Neno "uvimbe" linatuponza. Kwa Kiswahili tunalitumia kwa kitu kilichoota, na tunalitumia pia kwa nyama iliyojaa maji baada ya kuumia. Ndani ya kichwa cha mtoto vyote viwili vinaweza kuwapo kwa pamoja: kilichoota, na ubongo ulioumuka pembeni yake. Wengi wetu watoto wetu hupewa deksamethasoni siku za mwanzo. Dawa hiyo hupunguza kule kuumuka, mtoto huacha kutapika, huchangamka, hula kupita kawaida, na ndugu hupigiana simu kwamba uvimbe umeyeyuka. Haujayeyuka. Nimeona familia ikiondoka wodini kwa sababu ya nafuu hiyo. Muulize daktari: "Hii dawa inatibu kilichoota au inapunguza maji yaliyokizunguka?" Na usiikatishe ghafla bila kuambiwa, kwani mwili huwa umeshaizoea.

Picha ya CT au MRI humpa daktari dhana. Jina, mara nyingi, hutoka maabara baada ya kipande cha nyama kutolewa na kutazamwa kwa hadubini. Kuna hali mbili zisizofuata kanuni hiyo, ni vizuri kuzijua. Uvimbe fulani wa seli za uzazi unaoota katikati ya ubongo unaweza kutambuliwa kwa kupima damu na maji ya uti wa mgongo. Na gilioma, yaani uvimbe wa seli zinazotegemeza neva, inayosambaa ndani ya shina la ubongo mara nyingi hutambuliwa kwa MRI pamoja na dalili za mtoto, ingawa siku hizi vituo vingine huchukua kipande.

Jina kamili lina sehemu nne, na zote ziandike kwenye daftari. Ya kwanza ni aina: medulobilastoma, ependimoma, astrositoma, kraniofaringioma, na nyingine nyingi ambazo kila moja ni adimu kivyake. Uvimbe wa ubongo kwa ujumla si adimu. Baada ya saratani ya damu, hakuna saratani inayowapata watoto wengi zaidi. Uadimu unakuja ukishagawa kwa aina. Sehemu ya pili ni mahali ulipo. Ya tatu ni daraja. Ya nne ni vipimo vya vinasaba vya uvimbe wenyewe, kama vimefanyika.

Kuhusu daraja, tafadhali soma polepole. Uvimbe wa ubongo hupewa daraja la 1 hadi la 4 kwa kadiri seli zake zilivyo kali. Saratani nyingine, kama ya titi au ya shingo ya kizazi, hupewa hatua, yaani imesambaa kiasi gani. Sisi tumezoea kusikia "hatua ya nne" na kuelewa kwamba imeenea mwili mzima. Mzazi akisikia "daraja la nne" hulia kilio kilekile. Lakini uvimbe wa ubongo mara chache sana hutoka nje ya ubongo na uti wa mgongo, na daraja la 4 si jina la umbali. Medulobilastoma ni daraja la 4 siku zote, na watoto wengi wanaoipata katika nchi zenye tiba kamili hupona. Upande wa pili, uvimbe ulioandikwa kuwa si saratani unaweza kumuua mtoto kwa sababu tu ya mahali ulipo. Kraniofaringioma ni ya daraja la 1, lakini hukaa jirani na mishipa ya macho na tezi inayotawala homoni, na humsumbua mtoto miaka mingi.

Vinasaba navyo vimebadilisha mambo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa toleo la tano la uainishaji wa uvimbe wa ubongo, na humo aina nyingi hutajwa kwa mabadiliko ya vinasaba pamoja na umbo la seli. Medulobilastoma peke yake ina makundi makuu manne, na matarajio ya kundi moja hayafanani na ya jingine. Kwa hiyo wazazi wawili wanaweza kukaa vitanda jirani, vyeti vyao vina neno lilelile, na watoto wao wana magonjwa mawili tofauti. Vipimo hivi havipatikani kila hospitali kwetu. Uliza tu: "Kuna kipimo cha vinasaba kinachoweza kubadili tiba ya mwanangu? Kama kipo, sampuli inaweza kupelekwa wapi?"

Mwanangu aliandikiwa ependimoma. Huanzia kwenye seli zinazotandika kuta za vyumba vya maji vya ubongo, na kwa watoto huota zaidi nyuma ya kichwa, chini, karibu na ubongo mdogo unaoshika mizani ya mwili. Nilipopata jina hilo ndipo nilipojua swali la kuuliza kabla ya yote: uvimbe umetolewa wote? Kwa ependimoma hakuna jambo linalotazamwa zaidi ya hilo, na jibu lake hutakiwa litokane na MRI ya baada ya upasuaji, ikiwezekana ndani ya siku tatu. Kama kumebaki kitu, wakati mwingine mtoto hurudishwa chumba cha upasuaji. Hupigwa picha ya uti wa mgongo pia kuona kama seli zimeteremka na maji. Kisha hufuata mionzi. Dawa za kemo, zile kali za kuua seli za saratani, hazina nafasi kubwa kama ile zilizo nayo kwa medulobilastoma. Nisingejua lolote kati ya haya kwa kuandika "uvimbe wa ubongo".

Hatua ya 2: Karatasi zako ziwe mikononi mwako

Omba nakala ya majibu ya maabara, ripoti ya MRI, diski yenye picha zenyewe, na taarifa ya upasuaji. Piga picha kila karatasi na uzitume kwenye barua pepe yako mwenyewe. Maabara huhifadhi kipande cha nyama ndani ya nta. Kipande hicho, au vipande vyembamba vilivyokatwa kutoka humo na kuwekwa kwenye vioo, vinaweza kutazamwa na mtaalamu mwingine hata miezi kadhaa baadaye. Kwa uvimbe adimu kutazamwa mara ya pili si dharau kwa daktari wa kwanza. Madaktari wenyewe huombana.

Hatua ya 3: Kumuuliza daktari

Sisi tulilelewa kumheshimu daktari kwa kunyamaza. Nilikuwa natoka chumbani nimeitikia "sawa daktari" mara kumi na sijaelewa mara tisa. Dada nesi mmoja alinifundisha kuandika maswali matatu tu usiku wa kuamkia kliniki, na kumpa daktari karatasi. Matatu, kwa sababu foleni ni ndefu na la nne halisikilizwi.

Nenda na mtu mwingine, shangazi au mjomba, awe anaandika. Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu. Wengi hukubali ukiomba kwa adabu. Ukimaliza sema: "Daktari, naomba nirudie nilivyoelewa, unisahihishe." Maneno hayo yalinisaidia kuliko maswali yote.

Uliza pia kama kesi ya mtoto imejadiliwa kwenye kikao cha pamoja cha madaktari: wa upasuaji wa ubongo, wa saratani za watoto, wa mionzi, wa picha na wa maabara. Hospitali kubwa huwa na kikao cha namna hiyo. Mtoto mwenye uvimbe adimu anastahili kufikishwa hapo kabla tiba haijaanza.

Hatua ya 4: Sasa fungua mtandao

Nakili jina kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi, kwa Kiingereza. Ongeza neno "children" au "childhood", kwa sababu uvimbe wenye jina hilohilo kwa mtu mzima unaweza kuwa na mwenendo mwingine kabisa.

Nilianza na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, NCI. Wana maandishi yaitwayo PDQ: kwa kila ugonjwa kuna toleo la wagonjwa na toleo la madaktari, na kila ukurasa una tarehe ya kusasishwa. Soma la wagonjwa mara mbili, kisha jaribu la madaktari. Hospitali ya watoto ya St. Jude ya Memphis ina tovuti iitwayo Together, iliyoandikwa kwa wazazi, na hapo utapata hata mambo ya chakula, usingizi na ndugu wa mgonjwa. Uingereza kuna shirika la The Brain Tumour Charity na CCLG, chama cha wataalamu wa saratani za watoto, ambao vijitabu vyao hupitiwa na madaktari. Kwa magonjwa adimu ya kila namna kuna Orphanet, iliyoanzia Ufaransa. Kwa gilioma ya shina la ubongo kuna rejista ya kimataifa, International DIPG/DMG Registry, yenye maelezo kwa familia. Ukitaka utafiti wenyewe, ingia PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za utafiti wa tiba, soma muhtasari, na tazama mambo mawili kabla ya hitimisho: walikuwa watoto wangapi, na mwaka gani.

Mwaka una uzito. Machi 2023 Marekani iliidhinisha dabrafenibu na trametinibu zitumike pamoja kwa watoto wenye gilioma ya daraja la chini yenye badiliko la kinasaba liitwalo BRAF V600E. Aprili 2024 ikaidhinisha tovorafenibu kwa gilioma ya aina hiyo iliyorudi au iliyogoma tiba, yenye mabadiliko ya BRAF. Ukurasa wa mwaka 2019 hauzijui dawa hizi. Wala kuidhinishwa kule hakumaanishi kwamba ziko kwenye duka la dawa la hospitali yako. Hilo ni swali la kumpelekea daktari.

Kisha kuna takwimu za kuishi. Ukisoma kwamba "asilimia fulani huishi miaka mitano", maana yake watafiti waliwahesabu watoto waliokuwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa. Hawakusema kwamba hufa mwaka wa sita. Na waliohesabiwa walitibiwa miaka mingi iliyopita, wengi katika nchi tajiri. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 lilizindua mpango wa dunia wa kufikisha angalau asilimia 60 ifikapo 2030, na gilioma ya daraja la chini imo kati ya saratani sita zilizochaguliwa kupewa kipaumbele. Sehemu kubwa ya pengo hilo ni kuchelewa kufika, kukosa tiba na kuikatisha njiani. Kwa hiyo ukiona asilimia ya Ulaya, muulize daktari wako: "Watoto waliofika kama wangu, wakamaliza tiba hapa, wanaendeleaje?" Kama hutaki kujua namba, mwambie. Ni haki yako, na mume au mke wako anaweza kutaka kujua huku wewe hutaki.

Ukitumia programu ya kutafsiri, fanya aya moja moja na ubaki na maandishi ya asili pembeni. Programu huchanganya daraja na hatua, na uvimbe na kuumuka, kama sisi wenyewe. Akili mnemba inafaa kukueleza neno gumu au kukusaidia kupanga maswali. Usiichukulie kipimo cha dawa, na utafiti wowote itakaokutajia hakikisha upo kweli.

Kwa taarifa isiyo na mwenyewe nina kipimo kifupi: nani ameandika, lini, na anauza nini. Kama mwisho wa ukurasa kuna namba ya kulipia, nimemaliza kusoma. Hata kwenye orodha ya majaribio ya tiba ya ClinicalTrials.gov, kuorodheshwa si sifa. Wao wenyewe wanasema hivyo. Jaribio la halali lina kibali cha maadili, linakupa fomu ya ridhaa usome nyumbani, na linakuruhusu kujitoa. Kwa Tanzania uliza kuhusu NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kwa Kenya uliza kuhusu NACOSTI, tume ya sayansi na teknolojia, na Bodi ya Dawa na Sumu.

Hatua ya 5: Nani anatibu nini, na wapi

Kwa Dar es Salaam, upasuaji wa ubongo hufanyika MOI, Taasisi ya Mifupa, pale Muhimbili, saratani za watoto zina wodi yake Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mionzi hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Ni sehemu tatu, faili tatu, na mzazi ndiye anayeziunganisha. Ndiyo maana nilisisitiza karatasi. Kanda ya Ziwa kuna Bugando, Mwanza, yenye huduma ya saratani za watoto na mionzi, na Kaskazini kuna KCMC, Moshi. Zanzibar kuna kitengo cha upasuaji wa ubongo Mnazi Mmoja. Kenya, majina utakayosikia ni Kenyatta, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, Moi ya Eldoret, na Kijabe, inayojulikana kwa upasuaji wa ubongo wa watoto. Uganda, CURE ya Mbale imekuwa ikitibu maji kichwani na uvimbe wa ubongo wa watoto tangu 2001, na Taasisi ya Saratani ipo Mulago, Kampala. Rwanda kuna Butaro, kituo cha saratani kilichofunguliwa 2012.

Wenye ndugu Uingereza au Marekani wataambiwa wawatumie picha. Ni vizuri, diski husafiri. Na kama wewe ndiye uko huko na Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani wa hospitali, hulipii. Usimfanye mtoto wako mkubwa kuwa mkalimani wa ugonjwa wa mdogo wake.

Hatua ya 6: Geuza tiba iwe orodha ya mahitaji

Watu husema "niambie nikusaidie nini", nasi tunajibu "dua tu". Dua tulizihitaji. Lakini tiba ikishajulikana, msaada unaweza kutajwa kwa kipimo chake.

Mionzi ya ependimoma huwa vipindi 30 hadi 33, siku za kazi tu. Hiyo ni wiki sita hadi saba mjini. Mtoto mdogo asiyeweza kutulia hulazwa kwa dawa ya usingizi kila siku, kwa hiyo kila asubuhi hali wala hanywi. Ukijua hayo unaweza kumwambia shemeji: nahitaji pa kulala kwa wiki saba, karibu na Ocean Road. Unaweza kumwambia jirani: wachukue wakubwa wawili hadi mwisho wa Machi. Unaweza kumwambia mwajiri tarehe. Na unaweza kumweleza bibi jambo nililolazimika kumweleza mama yangu mzazi, kwamba kombe alilomwandikia mjukuu wake, yaani aya zilizoandikwa zikaoshwa kwa maji ya kunywa, atakunywa jioni, maana kombe ni maji na mtoto anayesubiri usingizi akinywa anaweza kupaliwa. Alielewa mara moja. Akawa analileta magharibi.

Hospitali za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii. Nenda siku ya kwanza, kabla deni halijakua. Wao ndio wenye taratibu za msamaha, barua, na mara nyingi wanajua hosteli zilipo. Uliza mapema bima inalipa nini: Tanzania NHIF, Kenya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF ya huko Oktoba 2024. Uliza kwa kila kitu kivyake, MRI, upasuaji, mionzi, kemo, kwa sababu jibu la kimoja si jibu la kingine.

Kwa Tanzania, shirika la Tumaini la Maisha hufanya kazi na Muhimbili ili watoto wenye saratani watibiwe bila familia kulipa. Kenya kuna Faraja Cancer Support Trust, na KENCO, mtandao unaoweza kukuelekeza kwa vikundi vidogo. Duniani kuna Childhood Cancer International, umoja wa vyama vya wazazi. Kwenye orodha ya wanachama wake utafute nchi yako.

Kundi la wazazi la WhatsApp litakupa kitu ambacho tovuti haina. Baada ya upasuaji mwanangu aliongea siku moja, kisha akanyamaza. Hakusema hata "mama". Nyumbani wakasema sasa tumeona, mtoto amefungwa ulimi. Mama mmoja wa kundini akanitumia ujumbe wa sauti: wa kwangu alinyamaza wiki tano, akarudi, muulize daktari kuhusu ukimya baada ya upasuaji wa nyuma ya kichwa. Nikauliza. Kumbe unajulikana, una jina, huanza siku moja au mbili baada ya upasuaji wa eneo la ubongo mdogo, na huchukua wiki hadi miezi. Wengine hurudi kuongea polepole, kwa maneno ya kuvuta. Wangu alirudi kwa kuomba uji.

Kundini chukua faraja na uzoefu. Kipimo cha dawa cha mtoto wa mwenzio usikichukue, kwa sababu niliyoeleza hatua ya kwanza.

Hatua ya 7: Wanaokuja na dawa

Watakuja, na wengine ni watu wema. Sikumfukuza mtu. Nilisema: niachie jina la mmea, nitamwonyesha daktari. Baadhi ya mitishamba huchosha ini na figo ambavyo kemo tayari inavichosha, nyingine huzuia damu kuganda kabla ya upasuaji. Atakayekataa kutaja kilichomo ndani ya chupa umeshamjua. Atakayesema acha hospitali kwanza ndipo dawa yake ifanye kazi, msindikize hadi mlangoni.

Kwenye mchango, taja kiasi na kazi yake, mtu mmoja anayeaminika ashike hesabu, na usiweke mtandaoni namba ya faili wala picha ya mtoto akiwa hana nguo au amenyolewa kichwa na mshono unaonekana. Atakua. Ataiona.

Hatua ya 8: Pale tiba ya kuponya isipokuwapo

Kuna uvimbe, kama ule wa gilioma inayosambaa kwenye shina la ubongo, ambao hadi leo madaktari hawana tiba ya kuuponya. Mionzi humpa mtoto miezi ya nafuu, na miezi hiyo ni ya kweli: wapo wanaorudi kutembea na kucheza. Ukiambiwa hivyo, uliza kuhusu tiba shufaa siku hiyohiyo. Timu hizi hushughulikia maumivu, kutapika, degedege na hofu, na hazingojei siku za mwisho. Mofini ya maji ikitolewa na waliofunzwa haimuui mtoto wala haimfanyi teja. Uliza namba ya kupiga usiku. Uliza nini kitatokea, ili kisikukute peke yako saa nane za usiku.

Hatua ya 9: Baada ya tiba

Kliniki haziishi na kengele ya mwisho ya mionzi. Omba ratiba ya MRI kwa maandishi. Uliza nani atapima kusikia, macho, urefu na homoni, maana mionzi na baadhi ya dawa, kama sisplatini, huacha madhara yanayojitokeza baada ya miaka. Mtoto anaweza kusoma polepole kuliko wenzake, na mwalimu asiyejua ataita uvivu. Mwanangu yuko darasa la pili. Anayumba akikimbia, anakaa dawati la mbele kwa sababu ya sikio la kulia, na mwalimu wake ana barua ya daktari yenye nusu ukurasa.

Omba muhtasari wa matibabu: jina kamili la uvimbe, tarehe za upasuaji, kiasi cha mionzi na ilipopigwa, dawa zote na vipimo vyake, aina ya shanti kama ipo. Tengeneza nakala tatu. Moja iwe kwenye begi la kliniki, moja kwenye simu, na moja kwa mtu asiyelala nyumba moja nanyi. Yangu iko kwa dada yangu Korogwe, ndani ya sanduku la vyeti vya kuzaliwa.